Kwaki Haitoki Peke Yake

SWALI: Vitabu vinasema protoni ina kwaki tatu, yaani chembe ndogo zinazoiunda. Mbona hakuna maabara iliyowahi kuitoa hata moja? Tena nikijumlisha tungamo za kwaki hizo napata MeV 9 hivi (MeV ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hupimia pia tungamo), ilhali protoni ina MeV 938. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi. Protoni ina kwaki mbili za aina ya u, kila moja MeV 2.2 hivi, na moja ya aina ya d yenye 4.7 hivi. Chaji hujumlishwa moja kwa moja: theluthi mbili ya kila u mara mbili, toa theluthi moja ya d, unapata 1 kamili. Tungamo haiendi hivyo. Sehemu kubwa kabisa ya zile MeV 938 ni nishati: ya kwaki zinazokwenda kasi mno ndani ya nafasi finyu, na ya gluoni, chembe zinazozishikilia. Nishati iliyofungiwa mahali ina tungamo, kama Einstein alivyoonyesha mwaka 1905. Hata uzito wa mwili wako, karibu wote, unatokana na hiyo.

Kuhusu kuitoa: kani ya umeme hufifia vitu vinapoachana, ya gluoni haifanyi hivyo. Kwaki zikitenganishwa kupita upana wa protoni, bado zinavutana kwa kani inayolingana na uzito wa tani 16 hivi, na ukizidi kuvuta haipungui. Nishati unayotia hulundikana katikati yao mpaka itoshe kuzaa kwaki mpya na antikwaki yake, yaani pacha wake mwenye chaji kinyume. Hapo muunganiko hukatika, na kila upande tayari umeshapata mwenzake. Ulitaka kwaki moja, umepata mesoni, yaani kwaki iliyoshikana na antikwaki.

Zilijulikanaje basi? Wanafizikia Gell-Mann na Zweig walizipendekeza mwaka 1964, kila mmoja kivyake. Miaka michache baadaye, huko Stanford, protoni zilipigwa kwa elektroni zenye nishati kubwa. Chaji ingekuwa imetandazwa sawasawa ndani ya protoni, elektroni zingepinda kidogo tu. Nyingi kuliko ilivyotarajiwa zilirushwa kwa pembe kubwa, maana ziligonga vipunje, yaani kwaki zenyewe. Friedman, Kendall na Taylor walipewa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 1990.

SWALI: Je, kwaki d kuwa nzito kuliko u kuna athari yoyote?

JIBU: Kubwa mno. Neutroni, yenye u moja na d mbili, inaizidi protoni kwa MeV 1.3. Pengo lingekuwa pana zaidi, ila chaji ya protoni huiongezea nishati kidogo. Ndiyo maana neutroni iliyo nje ya kiini hudumu kwa wastani dakika 15 hivi: d moja hugeuka u, zikatoka elektroni na antineutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji. Mizani ingeinamia upande wa pili vya kutosha, u ikawa nzito kuliko d, protoni ndiyo ingevunjika, na haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni, inayowaka ndani ya nyota isingekuwepo.