Printa iko mezani, Chrome inasema haifikiki

Printa ilikuwa mita mbili kutoka nilipokaa, taa ya kijani inawaka, lakini Chrome, kivinjari changu kwenye Mac, imeng'ang'ania ERR_ADDRESS_UNREACHABLE. Nilitaka tu kuingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, 192.168.1.50, nibadilishe saizi ya karatasi kutoka Letter kwenda A4, kwa sababu yenyewe haina kioo. Intaneti haikuwa na neno: barua pepe zinaingia, video zinacheza. Nikazima ruta, nikawasha. Nikazima printa, nikawasha. Saa nzima ikayeyuka, na mteja kakaa pale ameshika tama.

Kilichonifumbua macho ni Safari, kivinjari cha Apple wenyewe. Nilibandika anwani ileile, ukurasa ukafunguka papo hapo. Kumbe printa nzima, ruta nzima, anayegoma ni Chrome. Ndipo nikakumbuka: nilipohamia macOS Sequoia, lile toleo la 2024 la mfumo wa Mac, kilichomoza kidirisha kikiuliza kama Chrome iruhusiwe kutafuta vifaa vya mtandao wa ndani. Kwa haraka zangu nikakataa. Visanduku vya namna hiyo huwa navifukuza kama nzi.

Kinga hiyo ilianzia kwenye iPhone na iOS 14 mwaka 2020, na ina maana yake: programu ikiweza kuchungulia vifaa vyote vya nyumbani kwako, inajua mengi kukuhusu. Safari ni mwenyeji, hupita bila kubisha hodi. Chrome ni mgeni.

Fungua System Settings, ingia Privacy & Security, kisha Local Network, uwashe swichi ya Chrome. Halafu ifunge kabisa kwa Command na Q. Ukibonyeza kile kidoti chekundu unafunga dirisha tu, programu inabaki hai. Ukikuta swichi imeshawashwa na bado hola, izime, uiwashe tena, kisha uanzishe kompyuta upya.

Na kama Safari nayo imegoma, achana na vivinjari. Tazama kwanza umeunganishwa Wi-Fi ipi, maana ile ya wageni mara nyingi hutenganisha vifaa visionane. Zima VPN, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali. Hakikisha pia mwanzoni mwa anwani umeandika http na si https, printa nyingi za zamani haziijui hiyo ya pili.

Mteja alipata nakala zake saa saba mchana. Akauliza, "Ilikuwa umeme?" Nikamwambia ndiyo.