Muziki wa zamani na wa sasa: nilichokikuta kwenye kaseti 38 za kaka yangu

Mtoa mada unasema muziki wa siku hizi ni kelele tupu na wa zamani ndio ulikuwa muziki. Mdau mmoja kakujibu kwamba huo ni uzee tu. Naomba nichangie kwa niliyoyaona mwenyewe, maana kazi ya kurekodi na kuchanganya sauti nimeifanya miaka zaidi ya 20, na kwa muda mrefu niliamini hivyo hivyo unavyoamini wewe.

Kilichonibadilisha ni kaseti. Kaka yangu mkubwa enzi hizo alikuwa anarekodi redio, na hakuwa anachagua wimbo: kipindi kikianza anabonyeza kitufe, anaacha mpaka upande uishe. Alipohama nyumba akaniachia boksi lenye kaseti 38, nyingi za katikati ya miaka ya 1980, nikaamua kuziingiza kwenye kompyuta. Hiyo kazi haina njia ya mkato, kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90. Nyingine mkanda ulikuwa umelegea, nazungusha kwa kalamu kwanza ndipo naweka. Basi nikazisikiliza zote, jioni baada ya jioni, nikisubiri dhahabu.

Wakuu, nyimbo nyingi zilikuwa za hovyo. Mapenzi yale yale, kiitikio kimoja kinarudiwa mpaka unachoka, kinanda cha umeme chenye mlio ule ule uliokuwa kwenye fasheni, kila mtu anamwiga aliyevuma mwezi uliopita. Kuna wimbo niliukuta kwenye kaseti sita tofauti, yaani ulipigwa sana redioni, na sikuukumbuka hata kidogo. Nikampigia kaka simu nikamsikilizisha. Naye hakuukumbuka. Upande mzima wa kaseti nilikuwa naambulia mmoja, nikibahatika wawili, ambao ukiupiga leo watu watanyamaza wausikilize.

Ndipo nikaelewa kwamba hapa tunalinganisha mchele na mpunga. Nyimbo za zamani zimepepetwa kwa miaka 40, pumba zikaenda na upepo. Za leo tunazipokea na pumba zake. Hata mwaka 1969, mwaka wa tamasha la Woodstock ambao watu huutaja kwa heshima kubwa, wimbo ulioshika namba moja kwenye orodha ya mwaka mzima ya jarida la Billboard kule Marekani ulikuwa "Sugar, Sugar" wa The Archies, ambayo ilikuwa bendi ya katuni.

Lakini kusema ni uzee tu nako ni kukosea. Kuna kitu kimepungua, na kinasikika.

Wengi huishukia Auto-Tune, ile programu ya kompyuta inayorekebisha sauti ya mwimbaji iliyotoka nje ya noti. Mimi hapana. Ilitoka mwaka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, alitokea kwenye kazi ya kuchambua mawimbi ya kutafutia mafuta ardhini. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher akaitumia waziwazi kwenye wimbo wake "Believe" na dunia ikaipenda. Kwangu hicho ni chombo kama vyombo vingine. Kinachoniuma ni mapigo kunyooshwa kwenye gridi ya kompyuta, yaani kila pigo kusogezwa likae sawasawa kwenye mistari ya muda.

Nitawapa mfano. Niliwahi kurekodi vijana wanne walioomba wapige pamoja, chumba kimoja. Mpiga dramu wao, wakikaribia kiitikio, alikuwa anaongeza mwendo kidogo sana, na mpiga besi anamwona bega likiinuka, anakwenda naye. Nilikuwa nyuma ya kioo, nywele zikanisimama. Aliyekuwa akigharamia kazi akaniambia ninyooshe kila pigo. Nikakesha nikisogeza pigo moja moja, milisekunde 15 huku, 20 kule. Asubuhi hapakuwa na kosa hata moja, na ile hali ya kusisimka haikuwepo tena. Mpiga besi alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kaka, hawa ni sisi kweli?" Sikuwa na jibu, na swali lile sijalisahau. Faili ya kwanza bado ninayo.

Albamu ya kwanza ya The Beatles, nyimbo 10 kati ya 14 zilirekodiwa siku moja tu, tarehe 11 Februari 1963. Hapakuwa na kompyuta ya kuwanyooshea. Walikuwa wameshanyooshana wao kwa wao jukwaani, usiku kwa usiku, kabla hawajafika studio. Kazi ya namna hiyo ndiyo leo inarukwa, kwa sababu mashine inaweza kuificha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwenye jarida la Scientific Reports, uliochambua rekodi za kuanzia 1955 hadi 2010, ulikuta rekodi zimezidi kuongezwa ukubwa wa sauti na milio imezidi kufanana. Mimi niliyekaa kwenye kiti cha fundi wa kunyoosha mapigo sikushangaa.

Kuhusu nyimbo kuwa fupi, hilo si geni. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba kama dakika 3 kila upande, na wasanii wakakata nyimbo zao zienee. Leo Spotify haihesabu kwamba wimbo umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30, kwa hiyo kiitikio kinakimbilia mbele na utangulizi unakatwa. Nimeukata mwingi sana kwa mikono hii, na mwingine ulikuwa mzuri kuliko wimbo wenyewe.

Kwa hiyo mtoa mada, watunzi wazuri wapo, pengine wengi kuliko zamani, kwa kuwa leo mtu anarekodi chumbani kwake bila kumpigia magoti mwenye studio. Tafuta rekodi ya jukwaani ya msanii wa leo unayemdharau, umsikilize akiwa na wapigaji wake, halafu urudi hapa utuambie.

Binti yangu juzi alinisikilizisha wimbo mpya kabisa, gitaa na sauti tu, umerekodiwa kwa mkupuo mmoja. Kwenye ubeti wa pili kiti kinalia. Nikamwomba aurudie.