Kabla hujanunua kozi ya sataranji, hesabu ulivyoshindwa

Kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, ameniandikia. Amekusanya shilingi 4,000 kwa vibarua vya likizo, anataka nimchagulie kati ya kozi mbili za video, zote za ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo. Ameniuliza mimi kwa sababu wiki mbili zilizopita, kwenye mashindano ya wikendi kule Nyali, nilimaliza wa tatu. Wa tatu kati ya wachezaji 42, na mwanamke wa pekee kwenye meza 10 za mbele. Siku ile nimeingoja miaka sita, ndiyo maana naitaja.

Mdogo wangu, usinunue hata moja. Nisikilize kwanza.

Mimi nilifunzwa sataranji na ami yangu, barazani Kibokoni, baada ya swala ya alasiri. Kete zake zilikuwa za mbao, farasi mmoja kavunjika shingo, tumemfunga uzi mweusi. Ami hakuwa na kitabu. Alikuwa ananishinda, kisha anarudisha kete nyuma hatua tatu nne, anauliza, "Hapa ulikuwa unaangalia wapi?" Kila siku swali ni hilo hilo. Nilikuwa nikilijibu kwa kununa.

Nilipoanza kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo karibu na bandari nikajiunga na klabu moja mjini. Kocha wa pale alinitazama nikicheza mechi mbili, akasema mbele ya watu kwamba mchezo wangu ni wa wanywa kahawa, hauna nadharia. Watu wakacheka. Jioni ile akaniuzia flashi yenye vitabu zaidi ya 300, shilingi 3,500. Baadaye nikamlipa 6,000 nyingine za kozi ya ufunguzi uitwao Najdorf. Vile vitabu vilikuwa vya kuibwa, jasho la watu waliokaa miaka kuviandika, na hilo nililijua nikanyamaza. Lakini kilichoniuma na kinachoniuma mpaka leo ni kile kicheko. Nilinunua ili wasinicheke tena.

Nikaisoma Najdorf usiku baada ya usiku mpaka hatua ya 15. Ile ni aina ya ufunguzi wa Sicilian ambayo mwenye kete nyeusi anasogeza askari wa pembeni hadi kisanduku cha a6 kwenye hatua ya tano, nayo ina jina la Miguel Najdorf, bingwa aliyezaliwa Poland akahamia Argentina. Ni ufunguzi mzuri. Ila wapinzani wangu hapa Mombasa hawakunifikisha hiyo hatua ya tano. Mmoja anatoa askofu mapema, mwingine anasogeza askari hadi c3, na mimi nimekaa na hatua zangu 15 kichwani hazina pa kutokea.

Mwaka jana ndipo nilipozinduka. Raundi ya tano, nacheza na mtoto wa shule. Yeye ana ngome na askari mmoja, mimi nina ngome tu, na mfalme wangu amekaa mbele ya yule askari. Hiyo ni sare. Imejulikana tangu enzi za Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa pia mtunzi wa muziki. Unaiweka ngome yako kwenye safu ya tatu kutoka upande wako, mfalme wa mwenzako asipate njia ya kusonga, unasubiri. Siku askari akiingia kwenye safu hiyo, unaipeleka ngome mpaka mwisho kule upande wake, unamtishia mfalme kutoka nyuma, naye hana pa kujificha. Mimi nikakurupuka, ngome nikaitoa mapema, mfalme wake akapita. Nikasaini karatasi ya kuandikia hatua, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi peke yangu mpaka magharibi.

Usiku ule nikatoa karatasi zote za mechi nilizoshindwa. Zilikuwa 38. Nikaandika kwa kila moja ilipoharibika. Mechi 21 niliacha kete bila ulinzi au sikuona shambulio la hatua mbili. Mechi 11 zilikufa mwishoni, kete zimebaki chache. 4 ni saa kuniishia. Zilizoharibika kwenye ufunguzi zilikuwa 2. Shilingi 9,500 nilizitoa kwa ajili ya mechi mbili.

Tangu hapo natumia vitu vitatu tu. Cha kwanza ni Lichess, tovuti ya sataranji iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ambayo ni bure na haina matangazo. Kule kuna mafumbo yaliyotokana na mechi za watu, yamepangwa kwa mada, kwa hiyo nikichagua kete zisizolindwa napewa hayo tu. Nafanya 15 kila asubuhi kabla ya kutoka, bila haraka. Hayali bando sana.

Cha pili ni Chess Fundamentals, kitabu cha Capablanca, bingwa wa Cuba, kilichotoka mwaka 1921, mwaka ule aliomvua Emanuel Lasker ubingwa wa dunia kule Havana. Kipo bure kwenye maktaba ya Project Gutenberg, kwa Kiingereza. Hakianzi na ufunguzi, kinaanza na kumfungia mfalme kwa ngome na mfalme wako. Hatua zimeandikwa kwa mtindo wa zamani, P-K4 mahali pa e4, na mimi ilinichukua wiki moja kuzoea. Weka kete ubaoni ukisoma, usisome kwa macho matupu.

Cha tatu ni zile karatasi. Kompyuta isiguse mechi yako mpaka wewe mwenyewe uandike unadhani ulikosea wapi. Stockfish, programu ya kompyuta ya sataranji, itakupa jibu kwa sekunde, na jibu la sekunde halikai. Kukibaki kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, kuna hazina ya kompyuta yenye jibu kamili, lakini nayo ifuate baada ya kalamu yako.

Vijana wetu tumewazoesha kununua. Kila anayeshindwa anaambiwa kuna kozi, na anayeambiwa hivyo huwa ameshaaibishwa, hawezi kukataa. Acheni kununua ili muonekane mnajua. Nunua kitu siku karatasi zako zimekwambia unakikosa, si kabla.

Kule Nyali, raundi ya mwisho, nilifika tena kwenye ngome dhidi ya ngome na askari, na mimi ndiye mwenye upungufu. Safu ya tatu. Nikasubiri hatua 22. Mwenzangu alipotoa mkono kuomba sare, yule kocha alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Hakusema neno, nami sikugeuka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hiyo 4,000 iache kwenye simu yako. Nipigie picha karatasi zako 20 za mwisho unitumie, hasa zile unazoona haya kuzionyesha. Na juu ya kila moja uniandikie kwa mkono wako, hapo ulikuwa unaangalia wapi.