Mwasumini wa Tanga kwenye baridi ya Dodoma

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nilihamia Dodoma kikazi kutoka Tanga, nikaja na mwasumini kwenye ndoo. Wakati wa mvua ulichanua vizuri, lakini tangu Juni matumba yanakauka kabla ya kufunguka na majani yanageuka njano. Namwagilia asubuhi na jioni. Je, baridi inauua? – Msomaji, Ilazo.

JIBU: Marahaba, dada. Baridi haiuui, imeulaza tu. Tanga iko usawa wa bahari na hewa yake ina unyevu. Hapa tuko zaidi ya mita 1,000 juu, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mizizi ikipoa hivyo hunywa maji kidogo sana, nawe unamwagilia mara mbili kwa siku! Hapo ndipo penye hatari. Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka na tope, acha hadi kesho kutwa.

Kinachokausha matumba ni upepo mkavu wa kusini-mashariki. Hamishia ndoo upande wa kaskazini wa nyumba. Ukuta utaukinga, na kwa kuwa miezi hii jua linapita kaskazini yetu, utaota jua kutwa. Wengi huuficha barazani kwa kuuhurumia, na kivulini mwasumini hauweki tumba.

Sasa majani. Chuma moja, ulitazame kwa karibu. Likiwa la chini na limegeuka njano lote, ni maji yamezidi. Likiwa changa, njano katikati lakini mishipa ya kijani, mmea umekosa madini ya chuma, na mara nyingi chanzo ni maji ya kisima yenye chumvi. Dawa yake ni mbolea yenye chuma ya kunyunyizia majani, ipo maduka ya pembejeo. Tena siku ya kumwagilia, mwaga hadi maji yatoke matunduni yaondoke na chumvi, wala usiweke sahani chini.

Samadi isubiri. Mwishoni mwa Agosti joto likirudi, pogoa theluthi ya matawi bila woga, maana asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, kisha weka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri.

Yakianza kutoka maua, chuma jioni kabla ya magharibi, tumba likiwa limenona, jeupe, bado limefumba. Litafungukia ndani ya nyumba, kwenye kikuba chako, kile kishada cha maua ya kunukia.