Spika ndogo za rafu kwa sebule ya kawaida Mwanza: anza na chumba, wati baadaye

Mkuu, umeuliza spika gani ndogo zitakufaa kusikilizia muziki jioni kwa utulivu, sebule ya mita 4 kwa 3.5 huko Buhongwa, vigae chini, kuta za tofali zilizopigwa lipu, na kama ni heri uongeze hela uchukue sabufa kubwa. Jibu langu ni hili: chukua jozi ya spika zenye wufa (ile spika pana ya besi) ya inchi 5 hadi 6.5, zisizo na amplifaya ndani, tafuta amplifaya ndogo ya pembeni, na ile hela ya sabufa nunulia kapeti. Sababu ndiyo ndefu, na ndiyo itakayokusaidia ukifika dukani.

Kabla ya chumba tumalizane na wati, maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Namba ya maana ni desibeli: spika ikipewa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake, inatoa sauti kiasi gani. Spika ndogo nyingi zipo kati ya 84 na 89. Jozi ya desibeli 86 ikipewa wati 1 kila upande, wewe umekaa mita 2.5, unapata takriban desibeli 80. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60, kwa hiyo hapo tayari aliyekaa pembeni yako analazimika kupaza sauti. Kuongeza desibeli 3 kunadai wati mara mbili, na desibeli 10 zinadai wati mara 10. Ngoma inapogonga ghafla unahitaji hizo 10, basi. Amplifaya ya kweli ya wati 30 kila upande inatosha na akiba inabaki. Ukikutana na boksi limeandikwa PMPO 5000, yaani wati za matangazo tu, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha kinakula umeme kiasi gani. Kinachokula wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa hata hizo 60 kwenye spika, sembuse 5000.

Sasa chumba. Zima kila kitu, simama katikati ya sebule, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi wa "trrr" unaofuatia, hiyo ni sauti inadunda kati ya kuta mbili zinazotazamana. Mlio huohuo unaongezwa juu ya kila "s" ya mwimbaji na kila kayamba, ndiyo maana muziki unakuchosha baada ya nusu saa ukadhani spika ni mbovu. Tandika kapeti nene kati yako na spika, angalau mita 2 kwa 1.5. Weka pazia zito dirishani na lifungwe wakati unasikiliza, maana kioo kitupu nacho kinarudisha sauti kama ukuta. Sofa la kitambaa linasaidia, la ngozi halisaidii sana. Kabati la vitabu au nguo zilizotundikwa ukuta wa nyuma yako ni bora kuliko ukuta mtupu. Halafu rudia kofi. Kama nyumba haina dari, sauti inaruka hadi kwenye bati na kurudi. Dari ya ubao laini itakupa nafuu kubwa kuliko kubadilisha spika.

Besi ina tabia yake. Chumba cha urefu wa mita 4 kinajikusanyia mngurumo karibu na hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde), na upande wa 3.5 karibu na hezi 49. Kiti kikigusa ukuta wa nyuma, mngurumo unavimba. Kiti kikiwa katikati kabisa, unapotea hadi ukadhani wufa haifanyi kazi. Sogeza kiti sentimita 40 hadi 60 kutoka ukutani, kisha jongea kidogo kidogo mpaka gitaa la besi lisikike noti zote kwa usawa. Sabufa kubwa kwenye sebule kama yako inachokoza hezi hizohizo, ndiyo maana nyimbo zote zinaishia kuunguruma noti moja na vikombe vinalia kwenye kabati. Waya mnene wa gitaa la besi unaanzia hezi 41. Wufa nzuri ya inchi 5 inashuka hadi 55 au 60, na ukuta ulio nyuma yake unaongezea kidogo. Kwa rumba, taarabu, kwaya na dansi la zamani hutakosa kitu cha maana. Kama kwako singeli ndiyo kila kitu, nenda inchi 6.5.

Ukifika dukani, shika spika uipime uzito. Ya inchi 5 iliyotengenezwa vizuri ina kilo 4 hadi 6 kila moja. Ya kilo moja na nusu ni ubao mwembamba na sumaku ndogo. Gonga ubavuni kwa kifundo cha kidole: mlio mfupi mkavu ni mzuri, mlio wa kopo tupu acha. Angalia tundu la kupumulia liko wapi. Likiwa mbele, unaweza kuisogeza karibu na ukuta. Likiwa nyuma, inataka nafasi ya sentimita 20 hadi 30, na ukishindwa kabisa kuipata, sokomeza soksi ndani ya tundu upunguze uvimbe wa besi. Twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ikiwa ya kitambaa kwa kawaida haichomi masikio kwenye nyumba za vigae kama zile za plastiki ngumu. Spika zenye twita tatu za kung'aa mbele mara nyingi mbili ni mapambo.

Soko la Makoroboi pale mjini na mitaa ya jirani kila mtu amefungulia muziki, na penye kelele spika inayopiga juu ndiyo inayoonekana nzuri. Omba usikilizie ndani, asubuhi kabla soko halijachangamka, na hakikisha sauti za spika unazolinganisha ziko sawa, maana iliyozidi kidogo tu itakudanganya. Nenda na nyimbo zako kwenye flashi, zile unazozijua kila pumzi, siyo zilizozunguka WhatsApp zikakatwakatwa. Sauti ya mwanamke, gitaa kavu na kwaya vinafichua haraka. Sikiliza dakika 20 kwa sauti ya kawaida. Ukijikuta unataka kupunguza, hiyo spika siyo yako.

Za mtumba zina thamani kubwa kama unajua kukagua. Fungua kitambaa cha mbele, gusa ule mviringo unaoshika karatasi ya wufa. Ukiwa wa sponji na unabaki unga mkononi, umeoza. Joto na unyevunyevu wa ukanda wa ziwa huuharakisha. Wa mpira unadumu zaidi. Sukuma karatasi kwa vidole viwili pande zote sawasawa: ikikwaruza, koili imeungua au imehama. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha sekunde moja, chanya kwenye nyekundu: karatasi itoke nje. Kwa testa, spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) husoma takriban 5.5 hadi 7, na ya omu 4 husoma 3 na kitu. Hiyo ni wufa tu, twita imezuiwa na kapasita, kwa hiyo iwashe na uweke sikio karibu nayo. Mwisho ipindue uangalie chini: ubao uliovimba pembeni umelowa, na hauponi.

Kwa nini nasema amplifaya iwe pembeni? Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, spika yenye kila kitu ndani ikipata hitilafu kwenye bodi imelala nzima. Amplifaya ya pembeni unampelekea fundi, au unabadilisha hiyo tu. Chomoa plagi umeme ukikatika, usiishie kuzima swichi. Ukinunua amplifaya ya mtumba, soma nyuma: iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni volti 100, ya Marekani ni 120, yetu ni 230. Ukiichomeka hivyo hivyo, bahati yako ni fyuzi kukatika kabla transfoma haijatoa moshi. Inahitaji transfoma ya kushusha yenye wati zaidi ya inazokula. Walioko visiwa vya ziwani wanaotumia sola ya volti 12 wajue kwamba amplifaya ya kidijiti hapo haiwezi kuzidi takriban wati 9 safi kwa spika ya omu 8, na kama maradufu kwa omu 4. Wao watafute spika ya omu 4 hadi 6 yenye desibeli 88 kwenda juu.

Kupanga: umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kwako, mita 2 hadi 2.5, na zigeuzwe kidogo kukutazama. Twita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, kwenye masofa mengi ni sentimita 95 hadi 105. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea stendi za sentimita 70 hadi 75 kwa skwea paipu, kitako cha 30 kwa 30, ujaze mchanga mkavu kabisa, kwa sababu mbichi utalisha kutu. Kata vipande vinne vya ndala uweke chini ya spika. Ukilazimika kuziweka kwenye kabati, zivute hadi usawa wa ukingo wa mbele. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha mita 5 bila wasiwasi. Kwangua kwa wembe, ukiona weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Nyekundu iende nyekundu pande zote mbili. Moja ikigeuzwa, besi inakauka na mwimbaji hajulikani amesimama wapi.

Kwa walio karibu na maji, Igombe, Luchelele na kwingineko, kuna wale wadudu wanaopanda ziwani kama moshi. Usiku wanafuata taa, wanaingia kwenye tundu la spika na kunasa kwenye twita. Acha kitambaa cha mbele kimefungwa muda wote, na tundu lizibe kwa kipande cha chandarua kilichovutwa kikakaza. Tundu likianza kupuliza kwa sauti, tafuta chandarua chenye macho makubwa zaidi. Twita usiifute kwa kitambaa, tumia brashi laini ya rangi isiyotumika. Kila baada ya miezi michache fungua vishikio vya waya, ukiona ukijani usafishe na ukaze upya.