Kwa nini taswira ya chura haionekani majini

Dada, umeuliza kwa nini ukimpiga picha chura anatoka vizuri lakini taswira yake majini haionekani. Bila shaka unapiga ukiwa umesimama. Ukiyatazama maji kutoka juu, yanarudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga, ndiyo maana unaona tope na majani yaliyozama. Lala kifudifudi, lenzi ikaribie kugusa maji (mkanda uwe shingoni, usije ukalia), na taswira itajitokeza yenyewe.

Kama umefunga kile kichujio cha kukata mng'ao, kivue. Watu hukisifia sana kwa picha za maji, ila kazi yake ni kuondoa kitu kilekile unachokitafuta.

Halafu fokasi. Taswira haijakaa juu ya uso wa maji. Kwa lenzi, iko mbali kama chura mwenyewe au zaidi kidogo. Kwa hiyo lenga jicho la chura, kisha punguza tundu la lenzi hadi f/11 hivi, ili taswira nayo itoke safi. Ukilenga vumbi linaloelea, utapata vumbi safi na chura mwenye ukungu.

Usiku wa masika, wale vyura wadogo wa kwenye matete wanapolia, mambo huwa rahisi: mara nyingi upepo umetulia na nyuma ni giza tupu. Tochi ishikwe pembeni, si juu ya kamera. Na usimshike chura ili kumpanga. Ngozi yake inafyonza, na dawa ya mbu uliyojipaka inaweza kumdhuru.