Kumsikia Mtoto Mmoja Katika Darasa la Watoto Mia Moja

Walimu wengi tunaofundisha darasa la kwanza na la pili katika mkoa wa Mwanza tunaingia darasani na kukuta watoto wengi kuliko wale tuliokuwa tukiandaliwa kuwafundisha tulipokuwa chuoni. Uwiano tuliozoea kuusikia ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimumsingi ilipofanywa kuwa bila malipo Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, shule nyingi za pembezoni mwa jiji na za vijiji vya ufukweni zimepokea watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Ni jambo jema, na ningependa lisirudi nyuma kamwe. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba si ajabu leo kukuta chumba kimoja chenye watoto mia moja na zaidi, wanne au watano katika kila dawati, na wengine wakiwa wamekaa sakafuni mbele ya ubao.

Suala la vyumba na ajira za walimu lina vikao vyake, nami sitaliingilia hapa. Namwandikia mwalimu ambaye kesho saa mbili asubuhi atasimama mbele ya watoto hao, wapatikane walimu wengine au wasipatikane. Kwa miaka niliyofundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwanza katika kijiji cha ziwani wilayani Sengerema na sasa katika manispaa ya Ilemela, nimefikia imani moja ambayo inaongoza karibu kila nifanyacho darasani: katika darasa kubwa, kufundisha si kugumu kama kujua ni nani aliyejifunza, na asiyetenga muda wa kumsikia mtoto mmoja mmoja atafundisha mwaka mzima bila kulijua darasa lake.

Kinachotuficha ukweli zaidi ni kuitikia kwa pamoja. Mwalimu anauliza, “Tumeelewa?” na darasa zima linajibu, “Ndiyo, mwalimu!” kwa nguvu inayosikika hadi ofisini. Mwalimu anaonyesha silabi ubaoni kwa fimbo, watoto wanaimba “ba, be, bi, bo, bu,” na mkaguzi akipita dirishani ataamini kwamba kazi inakwenda vizuri. Siipingi nyimbo hiyo, kwa kuwa inawapa watoto waoga ujasiri wa kufungua kinywa na inausaidia ulimi kuzoea sauti mpya. Hata hivyo, haithibitishi kwamba mtoto anasoma. Nilipokuwa Sengerema nilimwita ubaoni mtoto mmoja aliyekuwa akiimba silabi kwa sauti kuliko wenzake, nikamwonyesha “bi” peke yake. Alinyamaza, kisha akaweka kidole kwenye “ba,” akaanza kuhesabu kimya kimya, midomo ikicheza, hadi alipofika nilipokuwa nimeonyesha, ndipo akajibu, “Bi!” Jibu lilikuwa sahihi, na mtoto hakuwa anasoma hata kidogo, alikuwa amekariri mpangilio. Tangu hapo sikubali silabi ipimwe kwa mpangilio wake. Ruka kutoka “bo” kwenda “ba,” changanya na silabi za wiki iliyopita, ziandike upya mahali pengine ubaoni, na hapo ndipo utaona ni akina nani wanaotazama maandishi na ni akina nani wanaosubiri jirani aanze.

Swali ambalo walimu wenzangu huniuliza mara moja ni muda. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, na ukigawa dakika hizo kwa watoto mia moja huwezi kubaki na kitu cha maana. Ndiyo maana sishauri kuwasikiliza wote kwa siku moja. Sikiliza watoto kumi kwa siku, kila mmoja kwa dakika moja au chini ya hapo, na baada ya siku kumi za masomo, yaani wiki mbili, utakuwa umelipitia darasa zima. Siku ya kumi na moja unaanza tena. Katika muhula wenye majuma kumi na kitu, kila mtoto atakuwa amesoma mbele yako peke yake mara kadhaa, jambo ambalo halitokei kabisa kama unangoja mtihani wa mwisho wa muhula.

Ili dakika hizo kumi zipatikane, wengine lazima wawe na kazi wanayoiweza bila wewe. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika, kwa sababu mwalimu huwapa kazi mpya, wakakwama, na ndani ya muda mfupi foleni ya watoto wenye madaftari inakuwa imemzunguka. Kazi ya wakati huo iwe ya marudio: kunakili maneno matano waliyokwisha kuyasoma, kupanga vizibo vya soda katika mafungu ya kumi, au kusomeana kwa wawiliwawili kutoka kwenye kadi. Kadi zinaweza kukatwa kutoka kwenye maboksi ya dukani, na vizibo watoto wenyewe huleta ukiwaomba. Kila safu iwe na kiongozi anayegawa na kukusanya, na kiongozi abadilishwe kila wiki ili heshima hiyo isiwe ya watoto wanaojua tayari.

Panga madawati yako kwa namna ya kukuwezesha kufika nyuma. Hata pale chumba kinapobana, sogeza madawati yagusane ili zipatikane njia mbili za kupita, kuliko kuacha nafasi ndogo ndogo zisizopitika kila upande. Mwalimu asiyeweza kufika ukutani anaishia kuwafundisha watoto wa safu mbili za mbele, na wale wa nyuma huwa ndio waliochelewa kuandikishwa, ndio wasiofahamu Kiswahili vizuri, na mara nyingi ndio warefu walioanza shule wakiwa wamepita umri.

Ninayoyasikia nayaandika katika daftari dogo, tofauti kabisa na daftari la mahudhurio. Kila mtoto ana mstari wake: herufi anazozitambua, silabi zinazomshinda, na alama ndogo kama anasoma neno zima au anaunga kwa kusitasita. Siandiki maksi, kwa kuwa maksi haziniambii nifundishe nini kesho. Nikikuta kwamba watoto wengi wa darasa langu wanachanganya “b” na “d,” somo la kesho limeshapatikana, hata kama azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, linasema tulipaswa kuwa mbele. Kwa maoni yangu, afadhali kuandika katika shajara ya somo kwamba mada itarudiwa, na kumweleza mwalimu wa taaluma sababu, kuliko kusonga mbele na theluthi ya darasa.

Kuhusu kusahihisha, hesabu yake ni rahisi. Daftari moja likichukua nusu dakika, madaftari 120 yanachukua saa nzima, na una masomo mengine. Sahihisha kwa kalamu nyekundu safu moja kila siku, ukizunguka wakati watoto bado wanaandika, ili mtoto aone kosa lake likirekebishwa angali anakumbuka alichokuwa akifikiri. Safu nyingine zijisahihishe kwa kutazama ubao. Usitangaze mapema ni safu ipi itakayofuata.

Lipo jambo la lugha ambalo mwalimu mgeni katika kanda yetu anapaswa kulifahamu. Watoto wengi wa Magu, Misungwi na Kwimba, na hata wa mitaa ya Igoma na Buhongwa, wanazungumza Kisukuma nyumbani, na Ukerewe utakutana na Kikerewe na Kijita. Mtoto anaweza kuliona neno “karamu” akasema “kalamu,” au akaandika “lafiki” badala ya “rafiki.” Unapompima kusoma, tenganisha kosa la ulimi na kosa la jicho. Ukimwonyesha “r” na “l” zikiwa zimeandikwa, naye akazitofautisha kwa kidole, mtoto huyo anasoma, na matamshi yatafuata polepole kwa mazoezi. Ukimkatisha kila anapotamka, atajifunza kunyamaza. Nami naona hakuna ubaya wowote katika kuanza asubuhi kwa “Mwangaluka,” salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na kumweleza mtoto wa wiki ya kwanza kazi yake kwa maneno machache ya kwao. Kiswahili hakipotezi chochote, na mtoto anapata mahali pa kuanzia.

Katika shule za ufukweni, kalenda yako ya kufundishia inapaswa kulizingatia ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi wengi hupumzika. Maana yake ni kwamba siku za giza, alfajiri mitumbwi ikirudi, familia nzima inashughulika kuanika, na watoto wanafika shuleni wamechelewa, hawajalala vya kutosha, wengine wakiwa na magamba mikononi, au hawafiki kabisa. Mwalimu anayefungua herufi mpya katika siku hizo atalazimika kuifundisha tena. Tazama daftari lako la mahudhurio la miezi miwili iliyopita, ulinganishe na mwezi angani, na utaona mwenyewe. Siku za giza nilizitenga kwa marudio na kwa kusikiliza watoto waliofika, na mambo mapya nikayaweka kwenye siku za mbalamwezi. Wakati huo huo, utoro wa mtoto mmoja unaoendelea hata mbalamwezi ikiwaka una sababu nyingine, na huo upelekwe haraka kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji.

Mvua ikipiga bati, acha kushindana nayo kwa sauti. Toa vizibo au kazi ya kunakili, kisha zunguka kwenye madawati.

Yote haya hayawezekani katika darasa lenye hofu. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinampa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua, mamlaka ya kutoa adhabu hiyo, kwa kosa kubwa la nidhamu, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kukosea silabi si kosa la nidhamu. Mtoto anayechapwa kwa jibu lisilo sahihi hujificha ndani ya sauti ya wenzake, na nia yote ya kumsikia inakufa hapo. Mtoto akikosea mbele yangu namwambia, “Hebu tazama tena,” namsubiri, na akishindwa namwonyesha, kisha anasoma yeye mwenyewe kabla ya kurudi kwenye dawati lake.

Daftari dogo litumie pia katika kikao cha wazazi. Ukimwambia mama kwamba mwanawe “anajitahidi,” ataondoka na alichokuja nacho. Mwambie kwamba mtoto anazijua irabu zote, anashindwa kuunga silabi tatu, na kwamba jioni mtoto amsomee mama maneno matano aliyoandika shuleni siku hiyo. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kukaa akamsikiliza na kutambua kama mtoto anasita. Na mwezi Desemba, kabla shule hazijafungwa, lichukue daftari hilo na kukaa na mwalimu atakayelipokea darasa Januari, mpitie jina kwa jina, mkianza na wale ambao bado hawasomi, ili wiki yake ya kwanza isipotee katika kutafuta yale ambayo wewe tayari unayajua.